Nembo kugeuka mraba mweusi kwenye risiti si ubovu wa printa

Mhariri,

Msomaji aliyeuliza katika ukurasa huu kwa nini nembo ya duka lake inatoka kwenye risiti kama kipande cha mkaa alishauriwa anunue printa nyingine. Tunamsihi abaki na hela zake. Printa ile ni nzima. Imechapa kile ilichopewa. Kosa lilifanyika kabla, pale picha ya WebP (muundo wa picha za tovuti) iliyopakuliwa kwenye tovuti ilipogeuzwa kuwa BMP (muundo wa zamani wa picha ambao printa inauomba) bila kompyuta kuambiwa sehemu zilizo wazi zijazwe rangi gani. Kosa hilohilo linawapata wachonga mihuri kwa leza, wenye vibao vya taa na vijana wanaounganisha skrini ndogo na vifaa vyao. Kwa hiyo tunalieleza hapa lote, pamoja na ndugu zake.

WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010 ili kurasa za tovuti zifunguke haraka. Ndani yake picha imekunjwa kwa hesabu. Katika aina inayotumika zaidi, ile inayopoteza kidogo ili faili lipungue, mwanga unatunzwa kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, lakini rangi inatunzwa mara moja tu kwa kila pikseli 4. JPEG, ambayo kiwango chake ni cha mwaka 1992, ni jamaa yake: hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa ndani ya kila kipande yale ambayo jicho halitayakosa sana. BMP ya kawaida haikunji chochote. Ni kichwa cha faili chenye baiti 54, halafu pikseli zimepangwa moja baada ya nyingine, kila moja baiti 3: bluu, kijani, nyekundu, kwa mpangilio huo wa kinyumenyume, kuanzia mstari wa chini kabisa wa picha kupanda juu.

Huo ujinga wake ndio unaoipa soko. Arduino Uno R3, kibao kidogo cha kompyuta cha kuendeshea vifaa, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu, na huwezi kukunjua WebP humo. Lakini mstari mmoja wa picha yenye upana wa pikseli 240 ni baiti 720. Kifaa kinausoma kutoka kwenye memori kadi, kinautupa kwenye skrini, kinasoma unaofuata. Printa ya risiti nayo, mashine ya leza ya zamani, programu ya kudarizi ya miaka iliyopita, zote zinaomba BMP kwa sababu ya aina hiyo: aliyeziandikia programu hakutaka kubeba hesabu za kukunjua picha.

Hapa tuseme jambo ambalo baadhi ya stesheneri hazitalipenda. Kugeuza WebP au JPEG kuwa BMP hakusafishi picha. Kilichotupwa wakati wa kubanwa hakirudi. Ukungu uliokuwa pembeni mwa herufi unahamia kwenye faili jipya ukiwa salama salimini, ila sasa umelipiwa nafasi kubwa. Picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikiwa BMP ya rangi kamili inakuwa baiti 36,000,054, hata kama JPEG yake ilikuwa megabaiti 3. Anayemtoza mteja kwa "kuiongezea ubora" kwa njia hiyo anauza hewa. BMP itengenezwe pale mashine inapoidai, na iwe hatua ya mwisho. Kazi yote ya kukata, kusafisha na kurekebisha rangi ifanyike na kuhifadhiwa kwenye PNG, ambayo haipotezi kitu na haijazi diski.

Kosa la kwanza kabisa ni kubadilisha jina. Mtu anachukua nembo.webp, anafuta herufi za mwisho, anaandika nembo.bmp, kisha anashangaa mashine kukataa. Kubadilisha lebo ya chupa hakubadilishi kilichomo. Kama huna uhakika faili ulilopewa ni la aina gani, lifungue kwa Notepad. Utaona takataka tupu, lakini herufi za mwanzo zinasema ukweli: BMP huanza na BM, PNG ina neno PNG baada ya alama moja, JPEG nyingi zina JFIF au Exif hapo karibu, WebP huanza na RIFF, na baada ya alama 4 linafuata neno WEBP. Funga bila kuhifadhi, maana Notepad ikilihifadhi italiharibu.

Sasa ule mraba mweusi. Nembo nyingi za tovuti zina mandhari ya uwazi, yaani kila pikseli ina thamani ya nne inayosema ionekane kiasi gani. Pikseli ya wazi nayo ina rangi chini yake, ingawa haionekani, na mara nyingi rangi hiyo ni sifuri tatu, yaani nyeusi. Tena programu ya kutengeneza WebP, isipoagizwa vinginevyo, huruhusiwa kuzichezea rangi hizo zilizofichwa ili faili libane zaidi. Ukigeuza kuwa BMP ya biti 24 kwa pikseli, yaani zile baiti 3, thamani ya uwazi inatupwa na rangi ya chini inajitokeza. Nembo nyeusi juu ya mandhari nyeusi: mkaa. Ikigeuzwa kuwa BMP ya biti 32 uwazi unaweza kubaki ndani ya faili, lakini printa nyingi haziusomi, na nyingine hulikataa faili zima. Dawa ni kumwaga rangi nyeupe chini ya nembo kabla ya kugeuza.

Kabla ya kugusa programu yoyote, ijue printa yako. Zile zinazoandikwa 203 dpi, yaani nukta 203 kwa inchi, zina nukta 8 kwa kila milimita. Karatasi ya milimita 58 huchapwa upana wa milimita 48, hivyo nukta 384. Karatasi ya milimita 80 huchapwa milimita 72, hivyo nukta 576. Zipo pia za karatasi ya milimita 80 zenye 180 dpi na nukta 512. Nembo ikizidi upana huo itakatwa au itakataliwa. Na printa hizi hazijui kijivu: nukta inaungua au haiungui. Ukiipa picha ya rangi, printa au programu inayoiendesha kwenye kompyuta itaamua yenyewe kipi kiwe cheusi, na uamuzi wake mara nyingi ni mbaya.

Kwa anayependa kubofya, programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP inatosha, na ni ya bure. Toleo la 2.10 na yaliyofuata yanafungua WebP moja kwa moja. Fungua nembo, bonyeza herufi D ili rangi ya nyuma iwe nyeupe, kisha nenda Image, Flatten Image. Hapo uwazi umekwisha. Nenda Image, Scale Image, weka upana 384 na uache urefu ujipange wenyewe. Halafu Colors, Threshold, usogeze mshale mpaka herufi ndogo zisomeke bila kuvimba. Halafu Image, Mode, Indexed, chagua paleti ya nyeusi na nyeupe ya biti 1, na kwenye dithering, yaani kutawanya nukta, weka None. Mwisho File, Export As, andika nembo.bmp. Kidirisha kitakachofunguka kikikuonyesha Run-Length Encoded, usiitie alama: BMP nayo inaweza kubanwa kwa njia hiyo, na mashine ndogo nyingi haziijui. Ile ya kutoandika taarifa za rangi, itie alama, ili kichwa cha faili kibaki kifupi.

Kwa mwenye nembo nyingi, ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa amri za kuandika, inafanya yote kwa mstari mmoja:

magick nembo.webp -background white -alpha remove -alpha off -resize 384x -colorspace Gray -threshold 60% -type bilevel BMP3:nembo.bmp

Kila neno hapo lina kazi. Kutoka -background hadi -alpha off ndiyo ule mmwago wa nyeupe. BMP3 na nukta mbili zake inaamuru kichwa cha faili cha mtindo wa zamani. Bila hiyo ImageMagick huandika kichwa kirefu zaidi, na kifaa kinachotarajia pikseli zianze mahali fulani kinasoma kichwa kama picha. Mpangilio nao usivurugwe. Punguza ukubwa kwanza, gawa weusi na weupe baadaye. Ukianza na mgawanyo, kupunguza ukubwa kutachanganya pikseli jirani na kuzaa kijivu upya, nawe utarudi ulikotoka.

Kwenye Windows andika magick, usiandike convert kama maelekezo ya zamani yanavyosema. Windows ina programu yake yenyewe iitwayo convert, na kazi yake ni kugeuza mfumo wa diski kutoka FAT kwenda NTFS. Ukiuweka mstari huu ndani ya faili la bat, yaani faili la amri za Windows, alama ya asilimia iandikwe mara mbili, la sivyo Windows itaimeza. Na mogrify, amri ya familia hiyohiyo inayopendwa kwa mafaili mengi, huandika juu ya picha asilia usipoiambia muundo mpya. Kwa folda nzima, salama ni hii, iliyoandikwa moja kwa moja kwenye dirisha la amri:

for %f in (*.webp) do magick "%f" -background white -alpha remove -alpha off "BMP3:%~nf.bmp"

Hiyo inatoa BMP za rangi kamili. Kwa risiti ongeza -resize, -colorspace, -threshold na -type kama juu.

Ile 60% ndiyo sehemu inayohitaji jicho. Kila rangi inapogeuzwa kijivu inapata kiwango cha mwanga, na kilicho chini ya mpaka kinakuwa cheusi. Nyekundu tupu ni nyeusi kwa mpaka wowote wa kawaida. Rangi ya chungwa, ile ya 255, 165, 0, inaangukia karibu asilimia 68: kwa mpaka wa 60% inatoweka, kwa 70% inarudi. Njano tupu inapita asilimia 88, kwa hiyo nembo ya njano juu ya nyeupe itapotea kwa mpaka wowote wa maana, na ukiupandisha mpaka kuifuata utaanza kuchapa uchafu wa ubanaji uliozunguka herufi. Hapo usipigane na asilimia. Ipake njano rangi nyeusi kwenye GIMP kabla ya kugeuza. Kama kilichomo ni sura ya mtu au picha ya bidhaa, si maandishi, ondoa -threshold 60% -type bilevel na uweke -monochrome, ambayo hutawanya nukta ili jicho lione kijivu. Kwa maandishi usiitumie: herufi zitatoka kama zimeliwa na mchwa.

Halafu pima. Uzuri wa BMP ni kwamba ukubwa wa faili unaweza kuukokotoa kwa kalamu, na ukubwa ukikataa kulingana na hesabu, kuna kitu hakikwenda. Tuchukue nembo ya pikseli 1,200 kwa 500 iliyopunguzwa kuwa 384 kwa 160. Ikiwa ya biti 1, kila mstari ni 384 gawanya kwa 8, yaani baiti 48. Mara 160 ni 7,680. Ongeza kichwa cha 54 na jedwali la rangi mbili la baiti 8, jumla 7,742. Ikiwa ya rangi 256 ni 61,440 jumlisha 54 jumlisha 1,024, yaani 62,518. Ikiwa ya biti 24 ni 184,374. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, soma mstari wa Size. Usisome Size on disk, ambao hukweza namba hadi ujazo wa vyumba vya diski. Ukikuta 184,374 ulipotaka 7,742, hukugeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Ulipaka tu picha ya rangi kwa rangi mbili. Programu nyingine huongeza baiti mbili mwishoni, hizo zisikutishe.

Asiyeridhika na hesabu afungue PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, na kuandika:

Format-Hex nembo.bmp | Select-Object -First 8

Namba utakazoona ni za hesabu ya msingi wa 16, si wa 10. Kwenye mstari wa kwanza wa baiti, ya kwanza na ya pili ni 42 4D, yaani BM. Baiti ya 15 ya mstari huohuo ni urefu wa kichwa cha pili, kinachofuata baiti 14 za kwanza: 28 ni kile kifupi cha baiti 40 kinachokubalika karibu kila mahali, 6C na 7C ni vile virefu vya baiti 108 na 124 vinavyowashinda wengi. Mstari wa pili, baiti ya 13 ni biti kwa pikseli: 01, 08, 18 au 20, yaani 1, 8, 24 au 32. Ya 15 ni ubanaji, nayo kwa mashine ndogo inatakiwa kuwa 00. Baiti hizo chache zinamaliza ubishi mwingi kati ya fundi na mteja.

Mashine zenyewe nazo husema zinachoumwa, ukijua kusoma dalili. Picha ikitoka imelala upande, kila mstari umesogea kidogo kuliko wa juu yake hadi nembo nzima imekuwa kama mti uliopigwa na kusi, tatizo ni ujazo wa mistari. BMP inataka kila mstari uwe na baiti zinazogawanyika kwa 4. Zikipungua hujazwa sifuri. Nembo ya biti 1 yenye upana wa 200 inahitaji baiti 25 lakini inaandikwa 28. Kifaa kisichojua kuruka zile 3 husukuma kila mstari nukta 24. Usihangaike na kifaa. Chagua upana unaogawanyika kwa 32 kwa picha ya biti 1, au kwa 4 kwa picha ya biti 24, na hakutakuwa na cha kuruka. Ndiyo maana 384 na 576 hazisumbui.

Picha ikitoka kichwa chini, urefu umeandikwa kwa namba hasi ndani ya kichwa cha faili. Sheria inaruhusu hivyo, ikimaanisha mistari imeanzia juu, lakini vifaa vingi havijafundishwa. Ifungue kwa programu nyingine uihifadhi upya. Ikitoka nyeupe mahali pa nyeusi na nyeusi mahali pa nyeupe, kifaa hakisomi jedwali la rangi: kinadhani 0 ni rangi moja na 1 ni nyingine, wakati faili linasema kinyume. Geuza rangi za picha, hifadhi, jaribu tena. Nembo yenye rangi za samawati iliyotoka ya machungwa kwenye skrini ni kifaa kinachosoma nyekundu, kijani, bluu badala ya bluu, kijani, nyekundu. Na kama kifaa hakilioni faili kabisa, tazama jina kabla ya kulaumu picha. Vifaa vingi vidogo, pamoja na vile vinavyotumia maktaba ya SD ya Arduino, vinakubali jina la herufi 8 na mwisho wa herufi 3: NEMBO.BMP linapita, nembo-mpya-ya-duka.bmp halipiti.

Kwa leza na mihuri kuna tego jingine. BMP hubeba idadi ya pikseli kwa mita, si kwa inchi. 300 dpi huandikwa 11,811. 72 dpi huandikwa 2,835. Vigeuzi vingi vya mtandaoni huacha hapo sifuri, na programu ya leza inakisia. Picha ya upana wa pikseli 1,200 iliyokusudiwa kuwa milimita 101.6 kwa 300 dpi, ikikisiwa 96 inakuwa milimita 317.5. Fundi anayebonyeza bila kutazama vipimo anaunguza raba nzima. Kwenye ImageMagick ongeza -units PixelsPerInch -density 300 kabla ya jina la faili la mwisho.

Wabunifu wa vitambaa nao wanahusika. Kanga ina rangi chache zilizotulia, na kila rangi ina skrini yake ya kuchapia. Mchoro wake ukipita kwenye WebP au JPEG, mpaka kati ya mji na pindo unajaa maelfu ya rangi za katikati ambazo hazikuwepo, hasa nyekundu inapokutana na buluu, kwa sababu ya ile rangi moja kwa pikseli 4 tuliyoitaja. Programu inayotenganisha rangi kwa skrini itaziona zote. Amri hii inazirudisha kuwa 4 bila kutawanya nukta:

magick kanga.webp +dither -colors 4 BMP3:kanga.bmp

Kisha hesabu rangi zilizobaki kwa magick identify -format %k kanga.bmp. Ikijibu 4, vizuri. Lakini yale maneno ya jina la kanga yatakuwa na kingo za meno. Yaandikwe upya juu ya mchoro, ni haraka kuliko kuyasafisha.

Picha za simu zina mambo yao. Simu nyingi hazizungushi picha. Huandika ndani ya faili kwamba izungushwe inapoonyeshwa. BMP haina mahali pa kuandika hivyo, basi picha iliyosimama kwenye simu inalala kwenye BMP. Weka -auto-orient mara baada ya jina la picha ya kwanza. Simu nyingine hupiga kwa uwanja mpana wa rangi wa Display P3, na kichwa kifupi cha BMP hakibebi maelezo hayo, kwa hiyo rangi zinapauka. Igeuze kwanza iwe sRGB, uwanja wa rangi wa kawaida, kwenye GIMP. Na WebP inayocheza, kama stika za WhatsApp zinazotikisika, itazaa BMP nyingi zenye namba, moja kwa kila fremu. Unayotaka ni ya kwanza: andika stika.webp[0].

Vigeuzi vya mtandaoni tumeviweka mwisho kwa makusudi, maana ndivyo wengi wanavyoanzia. Kwa nembo ya duka havina hatari kubwa, isipokuwa mara nyingi huwezi kuchagua kichwa cha faili wala rangi ya kujaza. Kwa picha ya pasipoti, kitambulisho au cheti cha mteja, ni habari nyingine: faili linakwenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Mwenye stesheneri anayepakia kitambulisho cha mteja ili apate BMP asidhani hayamhusu. Kuna njia rahisi ya kujua kama ukurasa unageuza ndani ya kompyuta yako au unaipeleka picha nje: ufungue, kisha zima data. Ukurasa ukiendelea kugeuza, picha haikutoka. Ukigoma, umejua.

Programu za zamani nazo zisiaminiwe kwa kuwa tu ziko kwenye kompyuta yako. Septemba 2023 liligunduliwa tundu kwenye libwebp, maktaba inayokunjua WebP ndani ya vivinjari na programu nyingi za picha, lililoruhusu picha iliyotengenezwa kwa nia mbaya kuvuruga kumbukumbu ya kompyuta. Lilizibwa kwenye toleo la 1.3.2. Kigeuzi kilichopakuliwa kabla ya hapo na kinachozunguka madukani kwa flashi, kisichojisasisha, huenda bado kina tundu hilo.

BMP ikishakuwa tayari, ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha, au ifunge kwenye zip kwanza. Ikipita njia ya picha inabanwa upya njiani, na kazi yote hii imekwenda bure.

Ombi letu kwa meza yako ni moja. Amri zilizomo humu zichapwe kama zilivyo. Kompyuta za vyumba vya habari hupenda kugeuza kistari kifupi kuwa kirefu na kupinda alama za kunukuu ili ukurasa upendeze. Kistari kimoja tu kikirefushwa, amri haitafanya kazi, na msomaji wetu atarudi kudhani printa yake ni mbovu. Baada ya BMP3 na nukta mbili pia pasiachwe nafasi.

Mafundi wa picha na printa,
Dar es Salaam